Mawimbi ya mvutano: vipi vioo na leza vinapima kitu kidogo kuliko atomu?



Mwezi uliopita tulikuwa harusini, na baada ya chakula, kama kawaida yetu, watu wazima tukajitenga pembeni na kahawa. Shemeji yangu mmoja, mhandisi wa meli mstaafu, mtu aliyefungua na kufunga mainjini maisha yake yote, akanigeukia akasema: "Shemeji, nyinyi wasomi mnatuchezea shere. Eti mmepima kitu kinachosogea kidogo kuliko atomu, tena kwa vioo vilivyotengenezwa kwa atomu! Hebu nambie, hiyo rula mmeipata wapi?" Watu wakacheka, na mie nikacheka. Baadaye nikafahamu kwamba hakuwa akitania. Binti yake amekubaliwa kusoma shahada ya pili juu ya vioo vya mashine hizo hizo, na baba mtu anasita kumlipia ada asomee kitu ambacho yeye haamini kama kipo.

Swali lake ni zuri, na halijibiwi kwa kumwambia mtu "wamepewa Nobeli, basi nyamaza". Mwenyewe nimefundisha mambo ya mwanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku nilipoisikia hesabu hii kwa mara ya kwanza sikuiamini. Kwa hiyo najibu hapa kwa Kiswahili, polepole, hatua kwa hatua, ili na wengine waliokuwa na swali hilo wapate faida.

1. Tunapima nini hasa?

Mwaka 1916 Einstein alionyesha kwamba, kwa mujibu wa nadharia yake ya mvutano, vitu vizito vinapozungukana kwa kasi hutoa mawimbi. Mawimbi hayo hayapiti ndani ya hewa wala maji. Ni nafasi yenyewe inayonyooka na kubana. Likipita wimbi, urefu wa upande mmoja unaongezeka kidogo na wakati huo huo upande uliokingamana nao unapungua. Halafu mambo yanageuka, uliokuwa mrefu unakuwa mfupi.

Tatizo ni hicho "kidogo". Tarehe 14 Septemba 2015 mashine mbili za LIGO huko Marekani, moja Hanford katika jimbo la Washington na nyingine Livingston katika jimbo la Louisiana, zilipata wimbi la kwanza. Lilitoka kwenye mashimo meusi mawili, moja lenye uzito kama wa majua 36 na jingine 29, yaliyogongana na kuungana umbali wa miaka ya mwanga kiasi cha bilioni 1.3. Mikono ya mashine hizo ina urefu wa kilomita 4. Wimbi lilipofikia kilele chake, tofauti ya urefu baina ya mikono miwili ilikuwa kama mita 0.000000000000000004, yaani 4 baada ya sifuri 17 za desimali.

Tuifanye nambari hiyo ieleweke. Chukua milimita moja, igawe vipande milioni. Kipande kimoja ni urefu wa atomu chache zilizopangwa mstari. Kipande hicho nacho kigawe vipande milioni. Sasa unakaribia ukubwa wa protoni, kiini cha haidrojeni. Halafu hicho kigawe tena mara 250. Hapo ndipo tulipo. Shemeji ana haki ya kushtuka.

Na wasiwasi wake una historia. Mwaka 1969 Joseph Weber wa Marekani alitangaza kwamba amepata mawimbi haya kwa kutumia magogo makubwa ya aluminiamu. Wenzake wakajenga vyombo kama vyake, tena vingine bora zaidi, na hawakuona kitu. Tangu siku hiyo, kila mwenye kudai kitu katika uwanja huu alijua kwamba hataaminiwa kwa maneno.

2. Hakuna rula, kuna mizani

Jibu la kwanza kwa shemeji ni hili: hakuna mtu aliyepima ule urefu wa kilomita 4 kwa usahihi wa namna hiyo. Kinachopimwa ni tofauti baina ya mikono miwili. Mnaikumbuka ile mizani ya dukani yenye sahani mbili? Mwenye duka hahitaji kujua uzito wa kila sahani. Anatazama tu ulimi wa katikati umeegemea wapi, na punje chache tu zinatosha kuusogeza.

Mizani ya mwanga aliitengeneza Albert Michelson mwaka 1881. Mwanga unaingia na kukutana na kioo kilichoinamishwa, ambacho kinaupitisha nusu na kuurudisha nusu. Nusu moja inakwenda moja kwa moja, nusu nyingine inakwenda pembeni. Mwisho wa kila mkono kuna kioo kinachorudisha mwanga, na nusu mbili zinakutana tena pale pale zilipoachana. Mwanga ni wimbi, lina vilele na mabonde. Kilele kikikutana na kilele, mwanga unazidi. Kilele kikikutana na bonde, vinafutana na panakuwa giza. Chombo hiki kinaitwa intaferomita.

LIGO wanaipanga mikono hivi: kwenye mlango wa kutokea, vilele vikutane na mabonde. Maana yake, mambo yakiwa shwari, mlango ule una giza, na karibu mwanga wote unarudi upande wa leza ulikotoka. Likipita wimbi la mvutano, mkono mmoja unarefuka na mwingine unafupika, vilele havilingani tena na mabonde, na mwanga kidogo unapenya. Kwa kweli wanaacha taa ndogo sana ya kudumu kwenye mlango huo, ili waone kama mabadiliko ni ya kuongezeka au ya kupungua. Lakini ukilinganisha na mwanga uliomo ndani, ni giza.

Kwa nini giza? Kwa sababu leza yoyote inayumba kidogo, nguvu yake inapanda na kushuka. Ukitazama mlango wenye mwanga mkali, hutajua kama mabadiliko unayoyaona ni ya wimbi au ya leza. Kwenye giza, kuyumba kwa leza kunafutana kwenyewe kwa sehemu kubwa sana, maana kuko sawa katika mikono yote miwili. Kila kioo nitakachokieleza huko mbele kimewekwa ama kuulinda mlango huo wa giza, ama kuufanya mwanga unaopenya hapo uwe na maana.

Hapa wanafunzi huuliza: nafasi ikinyooka, si na mwanga uliomo ndani utanyooka nao, kama alama za rula ya mpira? Basi utajuaje? Ni kweli, mwanga uliokwisha kuingia unanyooka. Lakini haukai mle. Unatoka, na leza inaingiza mpya kila wakati, wenye urefu wake wa kawaida. Huo mpya unasafiri njia iliyokwisha kurefuka, kwa mwendo ule ule, kwa hiyo unachelewa kurudi. Tunacholinganisha ni wakati wa kuwasili kwa vilele, na huo haufutiki.

3. Mvua juu ya bati

Sasa tufanye hesabu ya mkono. Mwanga unakuja kwa chembe, ziitwazo fotoni, na fotoni haziji kwa mstari kama askari. Zinakuja kama matone ya mvua juu ya bati: hata mvua ikiwa ya kiasi kimoja, mshindo wake hauko sawa. Kanuni yake ni nyepesi. Ukitarajia matone 100, hesabu itapotoka kwa kama 10. Ukitarajia milioni, itapotoka kwa kama 1,000. Kosa lenyewe limekua, lakini ukilinganisha na jumla limepungua kutoka sehemu moja ya 10 hadi sehemu moja ya 1,000. Kwa hiyo mwanga mwingi ni usahihi mwingi.

Mwaka 2015 LIGO ilikuwa inaingiza wati 20 hivi za mwanga wa infraredi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, yaani kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Hizo ni fotoni kiasi cha 1 ikifuatwa na sifuri 20 kila sekunde. Wimbi la mvutano tunalolitafuta linapanda na kushuka kama mara 100 kwa sekunde, basi tuna sehemu moja ya mia ya sekunde ya kuhesabu: fotoni zenye sifuri 18. Kosa la kuhesabu ni sehemu moja ya bilioni. Ukiligeuza kuwa urefu, linakuwa kubwa kuliko lile badiliko la mikono tunalolitafuta kwa kama mara 20.

Tazameni vizuri hapo. Kwa intaferomita ya kawaida ya Michelson, mikono ya kilomita 4 na leza nzuri, tumepungukiwa mara 20 tu. Hatuko mbali kwa mara bilioni kama mtu anavyodhani. Mara 20 ni kazi ya mafundi.

4. Vioo vya kuurudia mwanga

Njia ya kwanza ni kuurefusha mkono bila kuchimba ardhi zaidi. Ndani ya kila mkono, karibu na kile kioo cha kugawa mwanga, wanaongeza kioo kingine kinachopitisha asilimia 1.4 tu ya mwanga. Sasa mkono una vioo viwili vinavyotazamana, na mwanga unakwenda na kurudi baina yao mara nyingi kabla ya kutoka. Katika LIGO athari ya wimbi inazidishwa kama mara 300. Ni kana kwamba mkono una kilomita 1,200.

Mtu atauliza, kwa nini wasifanye mara 3,000? Kwa sababu mwanga unahitaji muda. Kilomita 1,200 ni kama sehemu 4 za elfu za sekunde, na wimbi la mara 100 kwa sekunde linageuka upande kila baada ya sehemu 5 za elfu. Ukimweka mwanga ndani zaidi ya hapo, kilichoongezwa na nusu ya kwanza ya wimbi kitaondolewa na nusu ya pili.

Vioo hivi vina masharti kama bembea. Ukiisukuma bembea kwa wakati wake inazidi kupanda, ukikosea wakati unaizuia mwenyewe. Umbali baina ya vioo lazima uwe idadi kamili ya nusu za urefu wa wimbi, na ubakie hivyo. Namna ya kuushika ilichapishwa mwaka 1983 na Ronald Drever, John Hall na wenzao, wakifuata wazo la zamani la Robert Pound. Mwanga mkuu unapewa mianga miwili midogo pembeni yake, ya masafa tofauti kidogo, ambayo haiwezi kuingia baina ya vioo. Inaporudi inalinganishwa na mwanga mkuu uliotoka ndani, na tofauti yao inaeleza kioo kimesogea upande gani, ili kirudishwe pale pale.

Njia ya pili inatokana na ule mlango wa giza. Tulisema karibu mwanga wote unarudi upande wa leza. Si hasara hiyo? Drever na wenzake walitoa wazo: weka kioo baina ya leza na kioo cha kugawa mwanga, kiurudishe ndani mwanga uliotaka kukimbia. Kwa kioo hicho, wati 20 zilikuwa wati 700 kwenye kioo cha kugawa, na ndani ya kila mkono zikafika wati 100,000. Umeme wa leza ni ule ule.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Mwanga umezidi mara 35, na kwa kanuni ya matone usahihi unazidi kama mara 6. Zidisha na 300 za mikono: mara 1,800. Tulihitaji mara 20. Faida hiyo haibaki yote, kelele nyingine zinakula sehemu yake, lakini mnaona kwamba hakuna uchawi.

Kuna na kioo cha tatu, kwenye mlango wa giza wenyewe. Wazo hili ni la Brian Meers wa Glasgow, mwaka 1988, na lilitumika katika chombo cha GEO600 karibu na Hannover, Ujerumani, kabla ya kuingia LIGO. Kioo hicho kinaamua ishara ikae ndani muda gani kabla ya kutolewa, na kwa kukipanga vizuri chombo kinasikia masafa mapana zaidi.

5. Na atomu zinazotikisika?

Hili ndilo lililomkera shemeji. Uso wa kioo ni atomu, na kila atomu inatikisika kwa joto, zaidi sana kuliko kile tunachokipima. Basi nimkumbushe kipimo cha maji bandarini, kazi anayoijua. Bahari haitulii hata dakika moja, mawimbi madogo yanapanda na kushuka. Hata hivyo tunajua maji yamejaa au yamekupwa kiasi gani, kwa usahihi mkubwa kuliko wimbi lolote moja, kwa sababu tunatia bomba lenye tundu dogo chini, na maji ya ndani yanaonyesha wastani. Mwanga wa LIGO unaangukia kioo kwa upana wa sentimita 12 hivi. Hapo pana atomu kiasi cha 1 ikifuatwa na sifuri 17. Mwanga haugusi atomu moja. Unarudi na wastani wa zote, na wastani huo unatulia kwa namna ya ajabu.

Hautulii kabisa lakini. Vioo ni silika safi sana, kilo 40 kila kimoja, vimesuguliwa mpaka kasoro ya uso haifiki nanomita 1. Juu yake kuna tabaka nyembamba za kurudisha mwanga, za silika na oksidi ya tantali, zikipishana. Tantali ni madini ile ile inayotoka kwenye koltani, ambayo ndugu zetu wa Kivu wanaijua kwa mengine machungu. Tabaka hizo ndizo zinazotikisika kwa joto vibaya kuliko kioo chenyewe, na kwenye masafa ya katikati ndizo zinazozuia chombo kisisikie zaidi. Kutafuta tabaka iliyotulia zaidi ni kazi ambayo bado haijamalizika, na ndiyo hasa anayotaka kwenda kuisoma yule binti.

Mtetemo wa ardhi, wa malori na wa bahari, unazuiwa kwa kuvitundika vioo kama timazi. Timazi ikitikiswa juu kwa haraka, chini haisogei sana: kama mwendo wake wa asili ni mara 1 kwa sekunde, mtikisiko wa mara 10 kwa sekunde unapungua kama mara 100. LIGO wametundika timazi nne, moja chini ya nyingine, kwa hiyo mara 100 inajizidisha mara nne. Nyuzi za mwisho ni za silika, unene wake milimita 0.4. Na njia nzima ya mwanga imo ndani ya mabomba yaliyotolewa hewa.

6. Mwanga nao unasukuma

Basi tuongeze leza mpaka mwisho? Hapana. Fotoni ikigonga kioo inakisukuma. Wati 100,000 zinakisukuma kioo kwa nguvu sawa na uzito wa miligramu 70 hivi. Ingekuwa nguvu isiyobadilika isingedhuru, lakini fotoni ni matone ya mvua, zinasukuma kwa kuyumba. Ukiongeza mwanga unapunguza kosa la kuhesabu na unazidisha msukosuko wa vioo. Ndiyo sababu mojawapo ya vioo kupanda kutoka kilo 11 hivi vya LIGO ya kwanza hadi kilo 40.

Mwaka 1981 Carlton Caves alieleza jambo lililowashangaza wengi: kuyumba huku hakutoki kwenye leza. Kunaingia kwa kinyumenyume kupitia mlango wa giza. Kwa fizikia ya kwanta, giza halina utupu kamili. Hata pasipo mwanga pana mtikisiko mdogo ambao hauondoki. Lakini, akasema, unaweza kuubana: ukaupunguza upande mmoja, wa kuhesabu, ukauacha uzidi upande wa pili, wa kusukuma. Tangu Aprili 2019 LIGO na Virgo ya Italia wanaingiza "giza lililobanwa" hilo kwenye mlango. Na katika awamu iliyoanza Mei 2023, LIGO waliongeza bomba la mita 300 lenye vioo viwili, linalogeuza namna ya kubana, ili kwenye masafa ya chini kipungue kile kinachosukuma, na kwenye masafa ya juu kipungue kile kinachoharibu hesabu.

7. Na ushahidi?

LIGO ya kwanza ilisikiliza kati ya mwaka 2002 na 2010 na haikupata kitu, nao wakasema wazi kwamba hawakupata kitu. Wimbi la 2015 lilifika Livingston kwanza, na Hanford sehemu 7 za elfu ya sekunde baadaye, umbo lile lile. Mwanga wenyewe unahitaji sehemu 10 za elfu kusafiri baina ya sehemu hizo mbili, kwa hiyo uchelewaji huo unakubalika.

Aliyebaki na shaka alijibiwa tarehe 17 Agosti 2017. Siku hiyo LIGO na Virgo zilinasa wimbi la nyota mbili za nyutroni. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi, isiyotumia intaferomita yoyote, iliona mmweko wa miali ya gama. Usiku uleule darubini za kawaida zikaelekezwa huko, na zikaikuta nuru mpya katika galaksi ya NGC 4993. Hadi 2025 matukio yaliyoandikwa yalikuwa yamepita 200. Rainer Weiss, ambaye mwaka 1972 alikaa akaorodhesha kelele karibu zote nilizozitaja hapa kabla mashine haijajengwa, alipata Nobeli mwaka 2017 pamoja na Barry Barish na Kip Thorne, na alifariki mwaka 2025. Drever alifariki Machi 2017, miezi michache kabla ya tuzo kutangazwa.

Shemeji, rula uliyoniuliza haipo. Kuna mizani, kuna wastani, na kuna orodha ya kelele zilizopunguzwa moja baada ya moja. Kazi hiyo huijui kwa jina tu. Injini ikilia vibaya, nawe ulikuwa ukifanya hivyo hivyo, unaondoa sababu moja, unasikiliza tena. Binti ameridhi kwako. Mlipie ada akasome.

Nilipokosea naomba nisahihishwe, na mwenye neno bora kuliko "mlango wa giza" asinyamaze.

Wasalaam.